Baba anataka kumpa dada yetu nyumba akiwa hai: tufanye nini lisije kuwa shauri la mahakamani?

Muulizaji, Wete

Assalaam aleykum ndugu zangu. Naomba msaada wenu katika jambo linaloihusu familia yetu, na nitalieleza kwa urefu kidogo kwa sababu mambo ya mali hubadilika hukumu kwa kuachwa neno moja tu.

Baba yetu ana umri wa miaka 78 na anaishi hapa Wete, Pemba, katika nyumba ya matofali aliyoijenga mwenyewe alipokuwa mtumishi wa serikali. Tuko watoto sita, wanaume watatu na wanawake watatu, sote wa mama mmoja ambaye ameshatangulia mbele ya haki. Dada yetu mkubwa alikuwa akifanya kazi katika hoteli moja kaskazini ya Unguja. Alipoachwa na mumewe, na baba alipoanza kuzidiwa na sukari, aliacha kazi akarudi nyumbani pamoja na mtoto wake mmoja wa kiume, na tokea hapo yeye ndiye anayempikia baba, anayempeleka hospitali na anayeamka naye usiku. Baba ametamka zaidi ya mara moja, mbele yetu na mbele ya sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa wetu, kwamba nyumba hii ni ya dada. Kaka zangu wawili, mmoja aliyeko Dar es Salaam na mwengine aliyeko Maskat, wamesema kwa simu kwamba hawana pingamizi.

Mbali na nyumba kuna mikarafuu upande wa Mtambwe. Mengine imo katika shamba ambalo baba alilirithi kwa babu, na mengine imo katika eka tatu ambazo babu alipewa na serikali baada ya Mapinduzi.

Ninachouliza ni kama maneno ya baba mbele ya sheha yanatosha, kama ahadi za kaka zetu zitawafunga siku baba atakapokuwa hayupo, na kama dada ana haki yoyote ya kudai kwa miaka aliyomhudumia. Mimi sitafuti nyumba. Ninachokiogopa ni kuja kumwona dada yangu akitolewa vyombo vyake barazani na watu waliomshukuru jana.

Msaidizi wa sheria, Chake Chake

Waaleykum salaam ndugu yangu. Nakujibu bila ya kuzunguka, kwa sababu mashauri ya namna hii ndiyo yanayotufikia kwa wingi, na mengi hutufikia wakati mzee ameshazikwa na hakuna wa kuulizwa alikusudia nini.

Maneno ya baba mbele ya sheha hayatoshi. Sheha anaweza kuwa shahidi wa alichokisikia, na barua yake inasaidia, lakini sheha hahamishi mali ya mtu, na kauli ya kwamba "nyumba hii ni ya binti yangu" inaweza kufahamika kwa njia tatu. Mmoja atasema ilikuwa zawadi iliyokwisha kutolewa, wa pili atasema ilikuwa wasia wa baada ya kufa, na wa tatu atasema ilikuwa ni maneno ya mapenzi ya mzee kwa mwanawe. Kadhi atakayeletewa shauri atataka kujua ni lipi kati ya hayo, na akiona ni wasia, basi dada yenu yuko katika hali ngumu, kwa sababu kanuni inayojulikana ni kwamba hakuna wasia kwa mrithi ila warithi wenziwe waridhie.

Kuhusu ahadi za kaka zako, naomba mlizingatie hili kuliko yote niliyoyaandika. Ridhaa ya mrithi juu ya wasia huhesabiwa baada ya kufa mwenye mali, si kabla yake. Mtu hana haki katika mirathi ya mtu aliye hai, kwa hiyo hana cha kusamehe. Kaka yako wa Maskat anaweza kuwa mkweli kabisa leo, kisha hali yake ikabadilika, au akafariki yeye kabla ya kugawiwa mirathi na fungu lake likaingia mikononi mwa mke na watoto ambao hawakuahidi lolote. Ukiyajenga maisha ya dada yako juu ya simu hizo, umeyajenga pasipo msingi.

Kwa hiyo, ikiwa baba anakusudia kweli nyumba iwe ya binti yake, njia iliyo wazi ni hiba, yaani zawadi ya mali, iliyokamilika angali hai na ana akili timamu, iandikwe, na ishuhudiwe. Namwachia mwenye elimu ya fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, aeleze ukamilifu wake. Lakini nina swali kwako, kwa sababu hukulitaja: baada ya kufariki mama yenu, baba ameoa tena?

Muulizaji, Wete

Ahsante sana. Ndiyo, baba ana mke. Alimwoa mama mmoja mjane ambaye anaishi kwao Mkoani pamoja na watoto wake wakubwa, na baba humwendea au yeye huja Wete. Hawana mtoto pamoja. Sikumtaja kwa sababu hakai katika nyumba hii.

Msaidizi wa sheria, Chake Chake

Kutokukaa katika nyumba hakumtoi katika mirathi. Maadamu yumo katika ndoa, mke huyo ni mrithi, na kwa kuwa mume ana watoto, fungu lake ni thumni, yaani moja ya nane. Kinachobaki mnagawana nyinyi, mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja. Ukiihesabu mali yote kuwa sehemu 72, mke anachukua 9, kila mwanamume 14 na kila mwanamke 7. Dada yako, ambaye sasa anaishi katika nyumba nzima, atakuwa na sehemu 7 kati ya 72 za nyumba hiyo pamoja na sehemu kama hizo katika mikarafuu. Nataka muione hesabu hiyo mapema, kwa sababu watu wengi huamini kwamba aliyekaa na mzee mpaka mwisho atabakishiwa nyumba kwa ada, na ada hiyo haimo katika ugawaji.

Muulizeni baba pia kama mahari ya mama huyo yalilipwa yote. Mahari yaliyobaki ni deni, na madeni hutolewa pamoja na gharama za mazishi kabla ya wasia na kabla ya mrithi yeyote kupata fungu lake.

Mwalimu wa madrasa, Mkoani

Nimeombwa nieleze ukamilifu wa hiba, nami nitasema kwa mujibu wa madhehebu ya Shafii ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi wetu hapa.

Hiba ina mtoaji anayetamka kutoa, mpokeaji anayetamka kukubali, na kitu chenyewe kinachokabidhiwa. Mpaka kabidhi ipatikane kwa idhini ya mtoaji, kitu bado ni cha mtoaji, na akifa kabla ya kukabidhi, warithi wake wana hiari ya kukabidhi au kuacha. Hapo ndipo hiba nyingi za nyumba zinapovunjika. Mzee husema nimetoa, binti husema nimepokea, karatasi huandikwa, lakini mzee yumo ndani kama alivyokuwa, vitu vyake vimo, funguo anazo yeye na mpangaji wa chumba cha nje anamlipa yeye. Kabidhi ya nyumba ni kumwachia mpewa aimiliki, na mtoaji kuiondoshea vyombo vyake.

Wala haina maana kwamba mzee wenu mgonjwa afukuzwe kwake. Linalofanyika ni kwamba siku ya kukabidhi mzee hutoka pamoja na vitu vyake, hata kwa muda mfupi wa kwenda kwa jirani au kwa mmoja wenu, binti akapewa funguo mbele ya mashahidi, kisha binti kwa hiari yake akamkaribisha baba yake akae kwake. Kuanzia hapo mzee anakaa katika nyumba ya mwanawe kwa kuazimwa makaazi. Iandikwe hivyo hivyo, tena kwa kutaja tarehe na mashahidi waliokuwapo.

Baba asiogope kwamba amejivua nguo uzeeni. Katika madhehebu yetu mzazi anaweza kuirejea hiba aliyompa mwanawe maadamu kitu kingali katika miliki ya mwana. Lakini nyote mjue pia kwamba, Mungu apishe mbali, dada yenu akitangulia kufa kabla ya baba, nyumba itakuwa ni mirathi yake yeye. Kwa maelezo yako ana mtoto mmoja wa kiume na hana mume wala mama, kwa hiyo baba atapata sudusi, yaani moja ya sita, na kijana atachukua kilichobaki. Baba akubali kwa kulijua hilo.

Kuna jambo la ugonjwa pia. Mtu akiwa katika maradhi ya mauti, alichokitoa hupewa hukumu ya wasia. Sukari ya miaka ambayo mtu anaishi nayo, anakwenda msikitini na anapanga mambo yake, si maradhi ya mauti kwa kuitwa jina la maradhi tu. Hata hivyo hakuna sababu ya kungoja mpaka alazwe.

Mwanamke wa Micheweni

Naomba na mimi niseme, kwa sababu naona wote mmelikubali jambo hili kwa haraka. Mtume, rehema na amani ziwe juu yake, alikataa kumshuhudilia baba aliyempa mtoto mmoja na kuwaacha wengine, na akaamrisha watu wafanye uadilifu baina ya watoto wao. Hizo nyumba mbili za dada zake wengine ziko wapi? Binti aliyeolewa mbali hakuolewa mbali kwa kumkimbia baba yake. Nimeona familia ambayo aliyebakia na mzee alichukua kila kitu, na wenziwe waliokuwa wakituma fedha kila mwezi wakaonekana kama wageni katika mazishi.

Mwalimu wa madrasa, Mkoani

Dada yangu umesema kweli, na hadithi unayoikusudia ni ya Nuuman bin Bashir, nayo ni msingi katika mlango huu. Wanavyuoni wa Kishafii wanaona kwamba kusawazisha baina ya watoto katika vipawa ni sunna na kumpendelea mmoja bila ya haja ni makruhu, yaani jambo lisilopendeza ingawa si haramu, na haja ndiyo inayoondosha karaha hiyo. Mwanamke aliyeachika, aliyeacha riziki yake na mwenye mtoto wa kulea, ana haja iliyo dhahiri. Lakini ninakubaliana nawe kwamba baba awakusanye watoto wote, awaeleze sababu, na kama ana uwezo awape na wengine kitu katika mikarafuu ya shamba alilorithi. Kinachochoma nyoyo mara nyingi ni kule kufichwa, zaidi kuliko mali yenyewe.

Aliyewahi kufanya kazi za ardhi, Unguja

Nitaongeza upande wa ardhi, kwa sababu hiba inaweza kuwa sahihi katika fiqhi na bado dada yenu akakwama kwenye karatasi.

Kwa mujibu wa Sheria ya Matumizi ya Ardhi Namba 12 ya mwaka 1992, ardhi yote ya Zanzibar ni mali ya umma na iko chini ya dhamana ya Rais, na anachokuwa nacho mtu ni haki ya kuitumia. Kwa hiyo swali la mwanzo kwa nyumba ya Wete ni baba ana waraka gani: hati ya haki ya matumizi, barua ya kupewa kiwanja, au karatasi ya kuuziana iliyoandikwa kwa mkono? Kitafuteni sasa hivi kilichopo, mkitie nakala, na mkipeleke Kamisheni ya Ardhi kuulizia hali yake. Kisha kuna Sheria ya Uhaulishaji (yaani uhamishaji) wa Ardhi Namba 8 ya mwaka 1994, iliyoanzisha Bodi ya Uhaulishaji Ardhi, na ardhi inapotoka kwa mtu kwenda kwa mwengine moja kwa moja bodi hiyo ndiyo inayotakiwa kuridhia. Msitosheke na hati ya hiba ya wakili au ya kadhi mkaifungia kabatini. Mpaka jina libadilike katika kumbukumbu za ardhi, mtu mwenye waraka wa zamani anaweza kujaribu kuuza.

Eka tatu ni suala jengine kabisa, na naomba msilichanganye na nyumba. Ardhi ile ilitolewa na serikali kwa masharti, na si sawa na shamba la mtu la asili. Baba hana uhuru wa kuiuza, kuikata vipande au kumwandikia mtoto mmoja kwa matakwa yake. Kwa kuwa aliyepewa ni babu, angalieni kwanza kama baada ya kufariki kwake matumizi ya baba yalitambuliwa rasmi au aliendelea tu kulima kwa mazoea, na kama kuna ndugu wa baba, au watoto wao, wenye madai. Nimeona watu wakigombana juu ya eka tatu kwa miaka huku kila mmoja akiwa na karatasi aliyoandikiwa na mtu asiyekuwa na uwezo wa kuiandika.

Kwa shamba alilorithi, ulizeni kama mirathi ya babu iligawiwa. Kama haikugawiwa, baba hana shamba zima, ana fungu lake tu, na hawezi kutoa zaidi ya fungu hilo. Kumbukeni pia kwamba hapa kwetu mti na ardhi vinaweza kuwa na wenyewe mbalimbali. Mtu anaweza kumiliki mikarafuu juu ya ardhi ambayo mwengine ana haki nayo, na wapo wanaokodi mikarafuu kwa msimu mmoja tu wa uchumaji. Basi hati yoyote itakayoandikwa ieleze kwa uwazi kama kinachotolewa ni ardhi, ni miti, au ni vyote viwili, pamoja na mipaka na majina ya majirani wa pande zote.

Mtumishi mstaafu, Wete

Swali la huduma ya dada halijajibiwa, na kwangu mimi ndilo zito kuliko yote, kwa sababu tumezoea kuichukulia kazi ya mwanamke aliyeko nyumbani kama kitu kisichokuwa na thamani mpaka siku anapougua yeye.

Ninavyofahamu, alichokitumia kwa ihsani bila ya makubaliano kinabaki kuwa ihsani, na itamuwia vigumu kukidai kama deni katika mirathi. Hilo linauma, lakini ni bora alijue. Ya kuanzia leo yanaweza kupangwa. Baba ana akili yake na ana kipato: pensheni yake ya utumishi, fedha za karafuu anazouza kwa Shirika la Biashara la Taifa, na pensheni jamii ambayo serikali ilianza kuwalipa wazee waliofikia umri wa miaka 70 mwaka 2016, wakati huo ikiwa shilingi 20,000 kwa mwezi na baadae ikaongezwa. Anaweza kukubaliana na binti yake ujira wa kumtunza, ukaandikwa na ukashuhudiwa, na nyote mkaujua. Ukilipwa, ni haki yake. Usipolipwa, ni deni juu ya baba lenye ushahidi.

Awe na daftari mbili, moja ya fedha za baba na moja ya fedha zake, na asizichanganye hata kwa dawa za siku moja, kwani siku ya ugomvi watu huuliza fedha za karafuu zilikwenda wapi. Na kaka zenu nao wasijione kama wafadhili wanapotuma fedha. Mzee akiwa na mali yake, gharama zake hutoka katika mali hiyo, lakini ikiwa haitoshi, matumizi ya kumkimu mzazi ni wajibu wa watoto wenye uwezo, si hisani, na wala si ya yule aliyeko karibu peke yake. Zanzibar ina Sheria ya Mambo ya Wazee tokea mwaka 2020, na Ofisi ya Ustawi wa Jamii ya Wilaya inaweza kukaa na familia inayovutana juu ya matunzo.

Kuhusu kazi yake ya hoteli, kuacha kazi hakufuti michango aliyochangiwa katika Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, ZSSF. Aende ofisini kwao na kitambulisho chake aombe taarifa ya michango, aangalie kama mwajiri wake alipeleka kila mwezi alichomkata, na kama kuna miezi iliyokosekana aeleze mapema akiwa bado na vocha za mshahara. Ulizia pia kama anaweza kuendelea kuchangia kwa hiari. Nyumba peke yake haimlishi mtu akifika miaka 60.

Muulizaji, Wete

Nawashukuru kwa moyo wote. Nimemsomea baba majibu yenu, na amesema anataka kuwaita watoto wote na mkewe, wa mbali wasikilize kwa simu. Ana miadi ya kupelekwa Unguja kupasuliwa jicho. Je, tungoje arudi, au tufanye kabla? Na tuanzie ofisi ipi?

Msaidizi wa sheria, Chake Chake

Fanyeni kabla. Kupasuliwa jicho si maradhi ya mauti, lakini hakuna sababu ya kungoja, ingawa mzee anayetia saini huku anaona vizuri alichokiandika ana nguvu zaidi kuliko aliyesomewa. Kama jicho halimruhusu kusoma, hati iseme kwamba alisomewa mbele ya mashahidi akaifahamu, na msomaji asiwe dada yenu. Mwombeni pia daktari anayemtibu aandike kwamba ana akili timamu, iwe na tarehe ya karibu na ya hati. Mashahidi wawe watu wazima wasiopata chochote katika nyumba hiyo, na mke wa baba ahudhurie, kwani akijua leo hatakuwa na la kusema kwamba alifichwa.

Anzeni na waraka wa kiwanja cha nyumba. Mkishakuwa nao, nendeni kwa wakili au kwa wasaidizi wa sheria wa wilaya yenu. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2018 inatambua huduma hii kwa wasiokuwa na uwezo, na Kituo cha Huduma za Sheria nacho kinafanya kazi hapa Pemba. Hiba iandikwe, ikabidhiwe kama alivyoeleza mwalimu, kisha ombi la kuhaulisha lipelekwe. Masuala ya fungu la baba katika shamba la babu yapelekeni Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana, ambayo husimamia mirathi ya Waislamu, na mkishindwa kuelewana, Mahakama ya Kadhi. Ugomvi wa nani ana haki ya ardhi yenyewe ni wa Mahakama ya Ardhi.

Ya shamba na eka tatu yatachukua muda mrefu. Yasicheleweshe ya nyumba, na msiyatie katika hati moja.